Hodhi la Vumbi

Sijui nani alimdanganya Darcy Quilty kwamba jeshi la anga linatafuta watu wanaojua kurusha ndege. Halitafuti. Linatafuta watu wasiojua chochote, liwafundishe lenyewe kuanzia namna ya kufunga mkanda, na ukija na ujuzi wako wa nyumbani unapata kazi mbili: kuusahau wako na kuukariri wao. Mimi, Despi, binti wa mjini, nilikuja mtupu. Baba yangu anakaanga samaki na chipsi mjini Mildura, na kitu pekee kilichowahi kuruka katika ukoo wetu wa Karras ni sahani, siku mama alipokasirika.

Darcy yeye alitoka ranchi ya ng'ombe magharibi mwa Queensland. Baba yake alikuwa akiswaga ng'ombe kwa ndege ndogo ya viti viwili, anashuka mpaka usawa wa vichwa vya miti ili kuwatisha watoke vichakani, na mtoto pembeni yake anajifunza. Alishika usukani kabla hajaota ndevu. Siku ya kwanza kambini Semisi Vaipulu, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki aliyekulia Sydney, pande la mtu ambalo lazima likunjwe ndipo liingie ndani ya ndege, aliziangalia buti za Darcy zilizokuwa nyekundu kwa udongo wa kwao, akamwambia hilo vumbi si ungewaachia ng'ombe, kaka, wao ndio wenye nalo. Jina likamganda. Kufikia chakula cha jioni hata wapishi walikuwa wanamwita Vumbi.

Watu wakisikia unasomea urubani wa jeshi wanadhani unashinda mawinguni. Thubutu! Unashinda darasani unakariri taratibu za injini kuwaka moto, na ukitoka nje unapigwa na baridi ya Gippsland, kambi yetu ilipo, inayonuka samadi, na ukijaribu kukimbia mazoezi kunguru wa rangi mbili wanakushukia kisogoni kwa kuwa ni msimu wa vifaranga vyao. Mara ya kwanza kupanda juu nilitapika kwenye mfuko. Mara ya pili nikatapika kwenye glavu, maana mfuko niliusahau. Semisi alishuka akiwa rangi ya majivu, akakaa kwenye nyasi akimwomba Mungu wa Tonga na wa Australia kwa pamoja. Vumbi alikuwa akishuka anauliza leo kuna pai ya nyama au la. Nilimchukia kwa muda wa wiki nzima, halafu nikashindwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinifundisha.

Jioni tulikuwa tunarusha viti. Usicheke, kila rubani wa jeshi amerusha kiti. Mnakwenda chumba cha kufulia, ndiko kwenye nafasi, mnapanga viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na wa mbele anabana katikati ya magoti kile kidude cha kuzibulia choo, mpira chini na mti juu. Huo ndio usukani. Unafumba macho unaruka safari nzima kwa mdomo, unataja kila unachogusa, na mwenzako nyuma ndiye mwalimu, ndiye mnara, ndiye upepo, ndiye balaa lolote litakalozuka. Vumbi alikuwa mwenzangu. Mashine za kukaushia zinanguruma na soksi za watu, na sisi tuko angani.

Kuna kanuni moja ambayo huruhusiwi kuikosea hata usingizini. Ndege ile ina usukani sehemu mbili, kwako mbele na kwa mwalimu nyuma, na usukani hauwezi kuwa na wenyewe wawili. Mwalimu akisema "Nachukua", unaachia pale pale, unainua mikono yote miwili juu ya mabega aione, unajibu "Umechukua". Huulizi kwa nini. Humalizi ulilokuwa unafanya. Ilituingia mpaka mesi, ikawa mtu akiitaka chupa ya sosi ya pai anasema nachukua, na mwenye nayo anainua mikono kama aliyekamatwa na polisi.

Nyuma ya banda la ndege kulikuwa na hodhi la kuogea la chuma, la kizamani, lenye miguu minne, ambalo hakuna aliyejua limefikaje pale. Siku unaporuka peke yako kwa mara ya kwanza, bila mwalimu nyuma, wenzako wanakudaka ukishuka na kukutumbukiza humo na sare yako, kwenye maji na barafu. Hapo ndipo unakuwa mtu. Sisi wote tulilitaka lile hodhi, lakini Vumbi alilitaka kwa namna nyingine. Baba yake alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege, ranchi ikauzwa, mama yake akahamia kijumba cha kupanga kule Longreach akabandika picha ya mwanawe mwenye sare kwenye mlango wa friji. Sisi tukishindwa tungerudi nyumbani. Yeye nyumbani pa kurudi hapakuwepo tena, na aliniambia hivyo bila kujionea huruma, huku anakunja fulana.

Mwalimu wetu alikuwa Kapteni Hartigan, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Anayefoka unamzoea, lakini huyu alikuwa akikuuliza jambo polepole mpaka unaona aibu. Wiki zote za juu angani alimsifu Vumbi waziwazi. Kisha tukaanza kutua. Unapaa, unazunguka uwanja, unatua, unapaa tena, mpaka unaiota ile njia ya kurukia. Hapo chini karibu na ardhi mwalimu hukunyang'anya ndege makusudi, aone kama unaachia, kwa kuwa kule ndiko kunakoua.

Vumbi hakuachia.

Juu alikuwa akiachia vizuri kabisa. Chini ya vichwa vya miti mikono yake ilikakamaa, na Kapteni akajikuta anavutana usukani na mwanafunzi wake huku ardhi inakuja. Aliporudi chini Kapteni alimuuliza kwa nini. Vumbi akajibu hakuna sababu, afande. Ule ulikuwa mtihani wa kwanza kati ya mitatu anayopewa mtu kabla ya kuruhusiwa kwenda peke yake, apite hata mmoja, na akawa ameukosa.

Nikasema hili ni jambo la mazoezi. Jumapili nikamburuza chumba cha kufulia. Kwenye kiti nikisema nachukua anaachia, kila mara, mikono juu, tunacheka. Basi nikaacha kumwambia mapema. Nikamwacha ashuke, ataje kimo, ataje kasi, na alipokuwa amezama kabisa, macho yamefumba, miguu inacheza kwenye pedali zisizokuwepo, nikasema nachukua na hapo hapo nikapitisha mkono begani kwake nikaushika ule mti. Aliukaza kiasi kwamba kifundo cha mkono wangu kililia. Mpira wa chini ukachomoka ukabiringika chini ya mashine. Alifumbua macho, akautazama mkono wangu uliovimba, na uso wake ukabomoka.

"Nilikuwa naruka mimi, Despi," akasema. "Siku ile. Si mzee."

Akaendelea, akiwa bado kakumbatia ule mti. Alikuwa na miaka kumi na sita. Walikuwa chini, ng'ombe mbele yao, na yeye akauona waya, waya wa umeme wa pampu ya kisima, mpya, mwaka uliotangulia haukuwepo. Akaanza kupanda auvuke. Baba yake hakuuona. Alidhani kijana anawakimbia ng'ombe, akamwambia niachie.

"Nikaachia. Mikono nikaiweka mapajani, kama alivyonifundisha. Akaishusha. Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nimwambie waya."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vumbi alisikia la mkuu, akamzika mkuu mwenyewe.

Polisi waliandika kwamba jua liliwapiga machoni na waya haukuonekana. Mama yake anaamini hivyo. Wilaya nzima inaamini hivyo, kwamba Mzee Quilty hakuwahi kukosea angani, ni jua tu lilimwonea. Hakuna mtu aliyejua kwamba usukani ulikuwa kwa mtoto, na mtoto alikuwa amepatia. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuambiwa.

Jumanne akakosa mtihani wa pili. Vile vile, pale pale.

Kapteni Hartigan alinifuata mimi. Nilikuwa nafuta kioo cha ndege, akasimama pembeni, akasema yule kijana anaruka vizuri kuliko nilivyoruka mimi umri wake, na kuna kitu kinamshika mikono, na amemuuliza mpaka amechoka. Kisha akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Akasema akipewa sababu, yoyote ya kweli, anaweza kumsimamisha kwa muda, ampeleke kwa daktari wa mambo hayo, arudi na kundi lijalo. Bila sababu, akikosa wa tatu, kanuni inamkata na yeye hana la kufanya. Hakuniuliza kama ninajua. Alisimama tu akingoja, halafu akaondoka, kwa heshima.

Nilimkuta Vumbi anapiga rangi buti zake. Nikamwambia yote, na nikamwambia sasa hivi unanyanyuka unakwenda ofisini kwake, neno moja tu, umepona.

"Nikimwambia ataandika," akasema. "Akiandika, siku moja litafika kwa mama."

"Mama yako ni mtu mzima."

"Mama yangu kila Jumapili anaenda kuosha jiwe la kaburi, Despi. Limeandikwa rubani aliyeijua kila inchi ya nchi yake. Unataka niende nikalifute?"

Nikapandisha. Mimi hasira zangu ziko karibu, nimezirithi pamoja na zile sahani. Nikamwambia kwamba baba yake amekufa na yeye yu hai, kwamba maiti hana haja ya urubani, kwamba kama mzee alimpenda angekuwa wa kwanza kusema mwanangu, sema, nilikosea. Nilimwita mpumbavu. Nilimwita na jina jingine baya zaidi.

"Mimi ninaweza kujitetea," akasema, "yeye hawezi." Akaendelea na buti yake. "Na ukimwambia wewe, nitasema umetunga. Unanijua."

Nilimjua, ndilo tatizo. Alikuwa na ule ukaidi wa watu wa ranchi, hawapigi kelele wala hawasogei. Nikalia mbele yake kama mtoto, naye akanipa kile kitambaa cha kupigia rangi nifutie uso, nikatoka pale na mistari myeusi mashavuni, Semisi akaniuliza nimepigana na nani.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Akipita ule mtihani mmoja, angepanda peke yake. Peke yake hakuna wa kumwambia niachie. Mwacheni mtu yule na kiti kitupu nyuma yake, angetua hata juu ya meza.

Alhamisi ulikuwa mtihani wa tatu. Semisi, ambaye hakuambiwa lolote na hakuhitaji kuambiwa, alilijaza hodhi tangu asubuhi, ndoo kwa ndoo, akaenda mesi akawabembeleza wapishi mifuko ya barafu. Akasema ukishamwekea mtu maji, Mungu anaona haya kukuangusha. Tukasimama kwenye nyasi na wenzetu, Semisi na mfuko wa mwisho begani unamdondokea maji mgongoni, tukamwangalia Vumbi anavyoleta ndege nyumbani.

Ilikuja vizuri jamani. Upepo ulikuwa wa pembeni na yeye aliulalia kidogo tu, mabawa yametulia, hata mafundi walitoka bandani kuangalia. Ikashuka chini ya vichwa vya mikaratusi iliyo nje ya uzio. Nikaanza kusema kimoyomoyo achia, Vumbi, achia, achia. Ndipo nikaona pua inashtuka. Juu, chini, juu. Bawa la kushoto likalala, likanyanyuka, na injini ikanguruma kwa nguvu zote ndege ikapanda juu yetu. Hata asiyejua ndege angejua kwamba mle ndani kulikuwa na watu wawili wanaotaka kitu kimoja.

Semisi aliuteremsha mfuko wa barafu chini polepole.

Walipotua, Kapteni alivua kofia yake, akasimama na Vumbi chini ya bawa muda mrefu, mkono begani kwake. Hatukusikia. Lakini tuliona Kapteni anauliza, na tukaona kichwa cha Vumbi kinatikisika kukataa. Akauliza tena. Kichwa kikatikisika tena. Kapteni akageuka akaangalia uzio, na nadhani yule mtu alikuwa analia, ila alikuwa mbali siwezi kuapa.

Kambini kwetu mtu akikatwa hapewi kwaheri. Ni desturi, mbaya kabisa, lakini ipo. Anafungasha kabla ya chakula cha jioni, godoro linakunjwa, na wenzake wanapita wakiangalia sakafu, kana kwamba kukatwa kunaambukiza. Watu wale wale waliokuwa wanamgombania kukaa naye mesi walijifungia na vitabu. Nikawapita wote nikaenda chumbani kwake. Begi lilikuwa mlangoni na yeye hayupo. Nikajua aliko.

Alikuwa kwenye kiti, chumba cha kufulia, na nguo zake za nyumbani na buti zile, kidude cha choo katikati ya magoti. Alikuwa ameurudisha mpira mahali pake.

"Nipe mzunguko mmoja," akasema.

Nikakaa nyuma. Akafumba macho, akawasha, akapaa. Mwanzoni alitaja mambo yetu, kasi yetu, mnara wetu. Halafu akaacha kutaja. Akainamia kushoto, akashuka, na kichwa chake kikawa kinaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kitu vichakani, nikafahamu kwamba hapa si Gippsland tena, tuko kwao, na mbele yetu kuna ng'ombe. Nikamwona mabega yanapanda. Ameuona waya. Mikono ikaanza kuvuta.

Lile neno singelisema hata kwa kupigwa.

"Sema," akaniambia. "Despi, tafadhali. Sema."

"Nachukua," nikasema.

Nilidhani hataweza. Mashine ilizunguka, vifungo vya shati la mtu vinagonga chuma. Kisha kidole kimoja kikafunguka, na kingine, na kingine, na ule mti ukamlalia gotini. Akainua mikono yote miwili juu ya mabega.

"Umechukua, baba," akasema.

Mikono hakuishusha. Ilibaki juu, akaanza kulia, kilio cha mtoto wa miaka kumi na sita, nikamkumbatia kutokea nyuma na kiti na vyote, na mimi nikalia kwa ajili yake na kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameweza, ameweza vizuri kabisa, na hakukuwa na Kapteni wa kuona, na gari lilikuwa linangoja getini. Alipotulia, Semisi alikuwa mlangoni, begi begani. Alilibeba mpaka kwenye gari, mbele ya madirisha yote yaliyofungwa mapazia, akamwinamia Vumbi akamgusisha paji la uso kama wafanyavyo kwao, ndugu yangu, nenda salama. Gari likaondoka na vumbi halikutoka hata chembe, barabara zetu ni za lami.

Kesho yake asubuhi nilipita mtihani wangu, na Kapteni Hartigan akaniamuru nisimamishe ndege katikati ya uwanja, injini ikiwa inazunguka. Akafungua mkanda wake, akashuka, akaja kusimama usawa wangu.

"Ni yako," akasema.

"Nimechukua, afande."

Nilipaa, na ndege ilikuwa nyepesi hata nikaogopa. Nikazunguka nikitaja kila kitu kwa sauti, kama tulivyofanya kwenye viti. Mara moja tu niligeuka nikatazama nyuma. Kiti kilikuwa kitupu, mikanda imefungwa vizuri. Nilitua vibaya, nikaruka kama chura mara mbili, lakini nilitua.

Wakanidaka kabla sijamaliza kuvua kofia. Walikuwa wanaimba, wengine ni wale wale wa mapazia, wakanibeba miguu na mikono mpaka nyuma ya banda. Barafu ilikuwa imeyeyuka usiku, ila maji aliyowekewa Vumbi yalikuwemo, yamejaa mpaka ukingoni, na juu yake yanaelea majani ya mikaratusi. Hakuna aliyeyamwaga. Wakanitumbukiza.

Nilikaa chini kadiri nilivyoweza. Nilipoibuka nilikuwa nalia waziwazi, na wote wakacheka, wakasema baridi imemweza binti Karras. Kapteni alisimama kwa mbali, hakusogea. Wakanipigia makofi, wakanipiga picha, kisha wakaenda kunywa chai.

Semisi hakucheka na hakwenda nao. Alinipa mkono nikatoka, akanifunika koti lake. Halafu akainama, akakunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka begani akavuta kizibo, na tukasimama pale wawili mpaka maji yote yakaisha.